Stroberi Iliyovuka Njia

Pale kituo cha utafiti wa matunda, kazi ya Mtafiti ilikuwa na sehemu mbili: kutema na kungoja.

Kutema, kwa sababu mtu anayeonja stroberi tangu asubuhi akizimeza zote, kufika adhuhuri ulimi wake hautofautishi tena tunda na sifongo. Kwa hiyo anauma, anazungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo, anasukutua kwa maji, anasogea kwenye mche unaofuata. Kungoja, kwa sababu ukishachukua chavua ya ua hili ukaipaka kwenye ua lile kwa brashi ndogo, ukalifunika kwa mfuko, ukavuna mbegu, ukaotesha miche tele kama watu wa sokoni, ukaitupa karibu yote, kisha ukaijaribu iliyobaki msimu baada ya msimu, mvi zinakuwa zimekwisha kukutembelea na kuhamia kabisa.

Alichokitafuta miaka yote hiyo kilikuwa chepesi kukisema: stroberi laini. Laini, tamu, yenye harufu ya kumfanya mtu anyamaze kidogo kabla ya kuomba nyingine. Wenzake walimpachika jina la Mzee Sukari, na walilitamka kwa ule upole wanaotendewa watu ambao mambo yao hayajawaendea. Maana Kamati ya Mbegu, ambayo ndiyo inayoamua aina ipi itoke kwenda kwa wakulima, haikuwahi kupitisha hata moja ya kwake. Kamati ilipenda stroberi inayoweza kudondoka kutoka kwenye lori, ikajipangusa vumbi na kuendelea na safari.

Stroberi za namna hiyo zilikuwa kazi ya jirani yake wa matuta, ambaye pia alikuwa mdogo wa mkewe. Ni Mtafiti mwenyewe aliyempeleka kazini. "Mtafutie nafasi huyu mdogo wangu, asije akazeekea hapa kwangu akifuta vumbi," mkewe alimwomba zamani, naye akamtafutia. Mdogo mtu akaingia, akasoma, akapanda cheo, na sasa alikuwa na aina tatu zilizopitishwa, zimejaa mashambani na masokoni. Kituoni walimwita Bi Chuma, kwa ajili ya matunda yake na, wengine walisema, kwa ajili yake mwenyewe.

Kila asubuhi walikutana kwenye kijia kilichotenganisha matuta yao, kila mmoja na ndoo yake.

"Shemeji, wagonjwa wako wameamkaje?"

"Wazima. Na mawe yako?"

"Yanasafiri. Jana yamepanda ndege."

"Ndege imetua salama?"

"Maneno hayo ndiyo utakayostaafu nayo, shemeji. Kingine huna."

Alisema kwa utani, na ilikuwa kweli tupu. Mtafiti alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka, na kikao cha Kamati cha mwezi ule kilikuwa cha mwisho kwake. Lakini safari hii hakwenda mikono mitupu. Alikuwa na Tisa.

Tisa ulikuwa mche wake, mtoto wa mama na baba aliowachagua mwenyewe, na kwa misimu kadhaa haukuwa na makuu. Waonjaji walikuwa wakisema, "Si mbaya." Neno hilo mtafiti wa mbegu hulichukia kuliko tusi, kwa sababu tusi lina maelezo. Kisha goti la Mtafiti likaharibika. Akapasuliwa, akalazwa, akakaa nyumbani mguu juu ya mto kwa sehemu kubwa ya msimu. Aliporudi kituoni na fimbo yake, alikuta tuta la Tisa limeshona majani, na matunda yake yamebadilika kama mtu aliyepata habari njema. Alionja moja akasahau kutema. Akaonja la pili ili ahakikishe, akalimeza nalo pia.

Hakujiuliza sana. Alijiambia kwamba mimea mingine huchelewa kukomaa akili, na kwamba uvumilivu wake wa miaka yote hatimaye umejibiwa. Akachukua miche michanga kutoka tuta lile, akaipeleka ikazidishwe, ikapandwa kwenye shamba la majaribio. Siku ya uonjaji wa wazi wageni walikula kwa kimya, wengine wamefumba macho, na dereva wa mkurugenzi alionekana akiondoka na kofia imejaa mkononi badala ya kichwani. Hata Bi Chuma alikula, akakunja uso, akala tena.

"Haitafika hata getini," alisema.

"Haihitaji kufika getini. Watu wataifuata ndani."

Siku chache kabla ya kikao, Mtafiti alikwenda shamba la majaribio kupiga picha za kuionyesha Kamati. Goti lilikuwa limepona, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu alazwe alipiga magoti yote mawili chini, akausogeza uso wake karibu na mche kama mtu anayetaka kuuambia siri. Ndipo alipoyaona masikio.

Jani la stroberi, kama ajuavyo kila mtu aliyelitazama, lina vipande vitatu. Jani hili lilikuwa na vitatu, na chini yake, kwenye kikonyo, vingine viwili vidogo sana, kimoja huku na kimoja huku. Akatazama mche wa pili: masikio. Wa tatu: masikio. Akatembea na mstari mzima ameinama, na mstari mzima ukamsimamishia masikio.

Kulikuwa na ukoo mmoja tu wa stroberi wenye alama ile pale kituoni, nao ulikuwa wa Bi Chuma.

Mtafiti hakuwa mtu wa kuhukumu haraka, hata alipokuwa yeye mwenyewe ndiye mshtakiwa. Alikaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, akaanza kuyapanga mambo moja baada ya jingine. Stroberi, mbali na kuzaa matunda, hutoa vikonyo virefu vinavyotambaa juu ya udongo, na kila kikonyo kikigusa mahali kinapopapenda kinaota mche mwingine, pacha wa mama yake. Pale kituoni waliviita mikia. Usipoikata, mikia ya tuta hili huvuka njia na kuota kwenye tuta lile, na baada ya muda hakuna anayejua nani ni nani. Kwenye ubao wa stoo ya zana yalikuwa yameandikwa maneno makubwa: MIKIA IKATWE KILA WIKI. Aliyeyaandika ni Mtafiti. Kila mfanyakazi mpya alihutubiwa na Mtafiti juu ya mikia kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Na ni Mtafiti huyohuyo aliyewakataza watunza bustani kuikata mikia kwenye matuta yake, kwa sababu aliamini hawana mkono mwepesi. "Ya kwangu niachieni mwenyewe," alisema, nao walimheshimu sana. Msimu mzima aliokuwa amelala na goti lake, hakuna aliyethubutu kulisogelea tuta la Tisa. Mkia wa jirani ulivuka njia bila kuulizwa na mtu.

Na aliporudi? Aliporudi hakuweza kuinama mpaka katikati ya tuta. Alichukua miche michanga ya ukingoni, ile iliyo karibu na njia, ambayo mtu mwenye fimbo anaifikia bila kuugua. Hakupeleka Tisa kuzidishwa. Alipeleka mgeni.

Hata hivyo alitaka uthibitisho. Akachuma majani mawili, moja la shamba la majaribio na moja la katikati kabisa ya tuta la zamani, akayapeleka maabara ya vinasaba bila kusema lolote. Kesho yake fundi wa maabara, mtu mcheshi asiyejua kufunga mlango wala mdomo, alimpungia mkono kutoka mwisho wa korido.

"Mzee Sukari! Hili la pili ni Tisa wako, sawa kabisa, baba yake na mama yake wote wapo. Lakini hili la kwanza mbona umeniletea mtoto wa watu? Hii ni Kumi na Nne ya Bi Chuma, ile aliyoing'oa. Umeifufua wapi?"

Mtafiti alimshukuru, akamwomba azungumze kwa sauti ya chini, akarudi kwenye tuta la zamani. Katikati, chini ya majani ya mgeni, alimpata Tisa mwenyewe, amejikunyata, ana tunda moja. Alilionja.

Halikuwa baya.

Jioni alimweleza mkewe. Mkewe alikuwa akikunja nguo, na aliendelea kuzikunja mpaka mwisho wa habari.

"Kwa hiyo huyo Tisa wako unayemtaja humu ndani kuliko wanangu, si mtoto wako."

"Si wangu."

"Ni mtoto wa mdogo wangu. Basi mimi ni mama yake mkubwa, na wewe ni baba mkubwa."

"Ndiyo, ukitaka kusema hivyo."

"Baba mkubwa naye ana haki zake."

"Kwenye Kamati hana."

Mkewe aliweka shati juu ya shati. "Sasa nisikilize, baba watoto. Ukimwambia yule, hatutalala. Kila akija kula hapa tutahadithiwa habari hii kuanzia kunawa mikono mpaka kutoa vyombo. Nyamaza. Kamati ipitishe, ustaafu na jina lako, tumalize." Akachukua shati jingine. "Lakini wewe hujui kunyamaza. Ukinyamaza tumbo linakuuma, kisha ni mimi wa kukuchemshia maji."

Mtafiti aliujaribu ukimya ule, kwa sababu ni tabia yake kujaribu kitu kabla ya kukikataa. Alikaa nao siku nzima. Alijiona amestaafu, anapita mahali fulani penye shamba la stroberi, mkulima anamkaribisha kwa heshima, na mstari baada ya mstari wa masikio yale madogo unamgeukia. Tumbo lilianza kuuma kabla ya chakula cha mchana. Akachuma jani moja, akaenda ofisini kwa Bi Chuma.

Alimkuta na kifaa chake cha kuminya matunda, kile chenye sindano inayoonyesha tunda limestahimili kiasi gani kabla ya kupasuka. Mtafiti hakuzunguka. Aliweka jani mezani, akaeleza goti, mkia, ukingo na maabara, kisha akasema, "Ile stroberi ni yako, shemeji. Hongera."

Bi Chuma aliligeuza jani. Akayagusa masikio kwa ncha ya kidole. Uso wake haukuwa wa mtu aliyepongezwa. Akainuka, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Fundi wa maabara. Na dada yako."

"Fundi wa maabara na dada! Shemeji, si bora ungetangaza redioni."

"Nilidhani utafurahi."

"Nifurahi?" Akaketi. "Kumi na Nne niliing'oa kwa mikono hii, ulipokuwa umelala na goti lako; kumbe mkia ulikwisha kuvuka. Niliiita uchafu. Kila wanafunzi wakija, nawaonyesha picha yake: tazameni, hivi ndivyo tunda lisivyotakiwa kuwa. Maisha yangu yote nimesimama mbele ya Kamati ile nikisema laini ni ugonjwa. Leo niende niseme stroberi bora kuliko zote zilizowahi kutoka hapa ni yangu, isipokuwa niliitupa?"

"Ndiyo ukweli."

"Ukweli kaa nao wewe, umeuzoea. Ichukue hiyo stroberi, shemeji. Nimekupa."

"Huwezi kunipa. Sikuizalisha."

"Umeilea."

"Kwa bahati mbaya."

"Basi ilee mpaka mwisho kwa bahati mbaya hiyohiyo! Wewe ulikuwa unataka jina, mimi majina ninayo. Ukisimama kule ukanitaja, nitakukana mchana kweupe."

Mtafiti alichukua jani lake. Kwa miaka mingi alikuwa ameogopa kwamba shemeji yake angemnyang'anya ushindi. Haikumjia hata mara moja kwamba siku moja angemkimbiza nao, akimsihi aupokee.

Kikao cha Kamati kilifanyika katika chumba kirefu chenye meza ndefu na feni iliyosikika kuliko ilivyopuliza. Bakuli la stroberi liliwekwa mbele ya Mwenyekiti, mzee mnene aliyejulikana kwa kupitisha mambo kabla ya chai. Bi Chuma aliketi karibu na dirisha, anatazama nje kana kwamba kuna basi analolisubiri.

"Mzee Sukari," alianza Mwenyekiti, huku akila, "tumeonja, tumeridhika. Tulikuwa tunangoja siku hii. Simama utueleze kidogo, tukupitishe, tukanywe chai."

Mtafiti alisimama. Jambo lote la maisha yake lilikuwa limebaki umbali wa sentensi moja, na alijua sentensi ile inasemwaje. Akasema nyingine.

"Mwenyekiti, hii siyo Tisa. Ni Kumi na Nne, iliyotokea tuta la jirani yangu. Mkia ulivuka njia nikiwa nimelazwa, nami nikaupeleka kuzidishwa kwa kutojua. Kosa ni langu. Maabara imethibitisha."

Mwenyekiti aliacha kutafuna.

"Bi Chuma, ni yako hii?"

"Mimi?" Bi Chuma aligeuka kutoka dirishani. "Mwenyekiti, unanijua. Mimi nazalisha vitu vya namna hiyo?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka, kwa sababu alikuwa akifikiria chai. "Basi tumekwama. Huyu anasema si yake, huyu anasema si yake, na maabara haisaini kwa niaba ya mtu. Kanuni yetu inajulikana: mche usio na mwenyewe haupitishwi, na kwa usalama wa mbegu haubaki shambani. Shamba lote la majaribio ling'olewe, na tuta la zamani pia, miche yote ichomwe moto. Kuna mwenye pingamizi?"

Hilo Mtafiti hakulifikiria. Alikuwa amepima aibu yake, amepima jina lake, amepima tumbo lake, na katika kupima kote huko alikuwa na hakika kwamba stroberi yenyewe, awe mama yake nani, ingekuwepo tu. Sasa aliona moshi. Akamtazama Bi Chuma. Hakumwomba kwa mdomo, kwani wangeanza tena kubishana ni ya nani, na Kamati ingechanganyikiwa kabisa. Alimtazama tu.

Bi Chuma naye alikuwa akilitazama bakuli. Yalibaki matunda matatu, na Mwenyekiti alikuwa amekwisha kunyoosha mkono.

"Acha," alisema Bi Chuma.

"Pingamizi?"

"Ni yangu."

"Sema kwa sauti, iandikwe."

"Ni yangu, Mwenyekiti! Kumi na Nne ni yangu. Niliizaa, nikaionja na mafua yangu siku hiyo, nikaona haina maana, nikaing'oa. Kama shemeji yangu angekuwa na goti zima, leo isingekuwepo duniani. Mmefurahi?"

Kamati ilikuwa imefurahi mno. Mtu mmoja alijifanya anakohoa. Mtafiti aliketi taratibu, akagundua kwamba amekuwa akishika ukingo wa meza. Mwenyekiti aliuliza kama majina ya wote wawili yanaweza kuandikwa, akakumbushwa kwamba kanuni inataka mzalishaji mmoja, akasema basi ni Bi Chuma, aina yake ya nne, hongera. Kalamu ikatembea. Hivyo ndivyo Mtafiti alivyomaliza kazi yake bila aina hata moja, na alishangaa kwamba kilichomjia kwanza kifuani kilikuwa nafuu. Uchungu, alijua, ungekuja baadaye nyumbani na kukaa.

"Sasa jina la biashara," alisema Mwenyekiti. "Kumi na Nne haiuziki. Mzalishaji ndiye anayechagua."

Bi Chuma hakufikiri sana. "Iitwe Shemeji."

"Shemeji nani?"

"Shemeji tu. Kila mtu ana wake."

"Haya. Sifa zake, kwa kumbukumbu?"

Chumba kizima kilikuwa kikilingojea neno moja, na Mtafiti alilingojea kuliko wote. Alikuwa amelipigania neno lile mbele ya meza ileile kwa miaka mingi, na anayetakiwa kulisema sasa ni mtu aliyelipinga miaka hiyohiyo.

"Laini," alisema Bi Chuma, kama mtu anayeng'olewa jino. Kisha, kwa kuwa jino limekwisha kutoka, akapata nguvu. "Laini sana. Shemeji haiwezi safari. Ukiiminya kidogo tu inatoa machozi. Inachelewa kuiva, wenzake wote huwa wamekwisha kuvunwa. Ukiisogeza mahali pasipoipendeza inanuna msimu mzima. Inataka kuangaliwa kila siku, na usipoiangalia inaingia kwenye shamba la watu. Baada ya kuchumwa hukaa siku mbili, basi." Akavuta pumzi. "Lakini ni tamu. Nayo inanukia vizuri. Andikeni hivyo, msiniulize tena."

Kicheko kilipotulia, Mtafiti aliyachukua maneno yale moja moja, akayageuza, akayapima, akitafuta lile ambalo mtu wa haki angeweza kulikanusha. Alichukua muda wake. Mwishowe akainua mkono.

"Mzee Sukari. Una pingamizi?"

"Marekebisho, Mwenyekiti. Ikiwekwa kivulini, hukaa siku tatu."

"Mbili," alisema Bi Chuma.

"Tatu. Nimejaribu."

"Mbili, shemeji!"

Mwenyekiti aliamuru iandikwe mbili hadi tatu, akala ile ya mwisho, na kikao kikahamia kwenye ajenda iliyofuata, ambayo ilikuwa viazi.